Sijawahi, Mara Moja, Mara Nyingi

Shangazi yangu aliulizwa maswali ishirini na manne, na ishirini na matatu kati ya hayo akajibu "sijawahi". Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimeshika kadi yake ya kliniki, wala sikutia neno. Naanza na hilo kwa sababu hasira nitakayoieleza hapa si yake peke yake. Ina fungu langu ndani, na fungu lenyewe si dogo.

Yeye ni dada wa baba, aliyezaliwa mara tu baada yake. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minne. Ana kifafa. Alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja, darasani, katikati ya somo la hesabu, na wenzake wakapanda juu ya madawati kana kwamba maji yamefurika. Walimu walimrudisha nyumbani kwa maneno laini: apumzike mpaka apone. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Akapumzika miaka thelathini na mitatu.

Nyumbani kwetu palikuwa na chumba cha uani, kati ya stoo na bafu. Humo alilala na humo alifanya kazi. Baba ni fundi cherehani, ana duka la sare za shule na mashati, na kila shati lililotoka dukani kwake lilipita mikononi mwa Shangazi kwa ajili ya matundu ya vifungo. Asiyeshona hawezi kujua uzito wa kazi hiyo. Tundu likikatwa kombo, shati zima limekwisha. Likishonwa kwa uvivu, linafumuka baada ya kufuliwa mara mbili. Yeye alikata kwa wembe, akazungushia uzi kwa mkono, mshono baada ya mshono, akakaza pembe zote mbili, na tundu likatoka limebana kama mdomo wa mtu aliyeapishwa. Wateja walimsifu baba. Baba alijibu, "Tunajitahidi."

Kwa Shangazi kulikuwa na sheria ambazo ukiuliza nani alizitunga, kila mtu angemtazama mwenzake. Asikaribie jiko. Asifunge komeo la bafu. Asibebe mtoto wa mtu. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha bluu, na kilikaa dirishani kwake, si kabatini pamoja na vingine. Wageni wakibisha hodi, alichukua kigoda chake akaingia chumbani bila kuambiwa, na hata redio akaizima. Watoto wa mtaani walimwita Wa Ndani. Sisi tuliwakemea watoto hao kwa ukali kabisa, kisha tukaendelea kumweka ndani.

Tena ugonjwa wenyewe ulikuwa umetulia. Tangu aanzishiwe vidonge, miaka tisa ilikuwa imepita hajaanguka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshafika darasa la tatu, na kikombe bado kilikuwa dirishani.

Kila mwezi nilimsindikiza kliniki kuchukua dawa. Siku hiyo muuguzi alituambia kuna watafiti wanaozungumza na watu wenye kifafa, ni hiari, na anayekubali anapewa miche miwili ya sabuni kama shukrani. Shangazi akasema atakwenda. Nadhani alifurahi tu kwamba kuna mtu anataka kumuuliza kitu.

Msaili alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, ana kishikwambi mapajani. Alituweka katika chumba cha kupimia watoto uzito, mizani ikiwa bado inaning'inia darini. Akaeleza kwamba wanapima unyanyapaa, yaani jinsi mgonjwa mwenyewe anavyoona watu wanamtenda. Kila swali lina majibu manne. Sijawahi ni sifuri, mara moja ni moja, mara chache ni mbili, mara nyingi ni tatu. Mwisho wanajumlisha, na mwenye alama sabini na mbili ndiye aliyeteswa kuliko wote.

"Umewahi kunyimwa kazi kwa sababu ya kifafa?"

"Sijawahi."

"Umewahi kukatazwa kwenda harusini, msibani au kwenye shughuli nyingine ya watu?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Kukatazwa? Hapana. Sijawahi."

"Umewahi kukataliwa na mchumba, au ndoa yako kuvunjika?"

Akacheka. "Mchumba gani, mwanangu? Hakuja mtu. Andika sijawahi."

"Watu wamewahi kukataa kula pamoja na wewe?"

"Mimi hula chumbani kwangu. Sijawahi."

"Umewahi kutukanwa hadharani?"

"Huko hadharani mimi huwa siko."

Binti aliacha kidole juu ya kioo, akangoja. "Kwa hiyo niandike..."

"Sijawahi."

Ni swali moja tu lililopata jibu jingine, lile la kama watu wamewahi kuogopa kumgusa akiwa ameanguka. Akasema mara chache, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na fahamu za kuwahesabu. Binti akacheka, Shangazi akacheka, na mimi nikacheka.

Zikatoka alama mbili kati ya sabini na mbili. "Hongera, mama," binti akasema. "Katika wote niliowahoji hapa, hakuna mwenye alama ndogo hivi. Una familia nzuri." Alipotaja familia alinigeukia mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Tulipofika kwenye benchi la nje, karibu na geti, Shangazi alikaa. Hakuwa amechoka.

"Nimedanganya?" akaniuliza.

"Hapana, Shangazi."

"Hata swali moja?"

"Hata moja."

"Hicho ndicho kinachoniunguza." Alikuwa ameiweka ile sabuni mapajani, anaiminya kama unga. "Kazi sijanyimwa kwa kuwa sijaomba. Mchumba hajanikataa kwa kuwa hajaniona. Shughuli sijakatazwa, huwa nalinda nyumba. Harusi yako, nani alilinda nyumba?"

Nilitazama chini.

"Nakuuliza."

"Wewe, Shangazi."

"Nani aliniambia nilinde?"

Nilijaribu kukumbuka nikashindwa, maana hakuna aliyemwambia. Asubuhi ya harusi yangu mama aliweka ufunguo juu ya kigoda chake, basi. Gauni langu lilikuwa na vifungo thelathini na viwili mgongoni, vidogo kama punje za mtama, vimevikwa kitambaa kimoja kimoja, na vyote alivishona yeye. Alinifunga vyote siku hiyo, akanigeuza, akanitazama, kisha akaingia chumbani kwake. Nami nilipanda gari nikaenda kuolewa.

"Mbili kati ya sabini na mbili," Shangazi akasema. "Kuku aliyefungwa mguu hajagongwa na gari, basi barabara ni salama."

Kesho yake alirudi kliniki peke yake. Hakumuaga mtu. Yaliyopita huko alinisimulia mwenyewe, na muuguzi alikuja kunithibitishia.

Alimkuta yule binti akamwambia anataka kubadilisha majibu. Binti akasema majibu yameshatumwa, hayarudi, na mtu mmoja hahojiwi mara mbili. Shangazi akapandisha sauti, mpaka msimamizi wa utafiti akatoka, mwanamume wa miwani.

"Mama, dodoso hili linapima unavyohisi wewe mwenyewe," akasema. "Jana ulisema huhisi kubaguliwa."

"Jana sikuhisi. Leo nahisi. Andika leo."

"Tukimfanyia hivyo kila mtu, tutaharibu takwimu."

"Mimi nimeharibiwa miaka thelathini na mitatu, na hajatokea hata mmoja wa kunitetea unavyozitetea hizo takwimu zako." Akaweka miche miwili ya sabuni mezani. "Kabla ya kuniuliza kama nimekatazwa kwenda, mngeniuliza kwanza kama nimewahi kutoka."

Msimamizi akasema hiyo ni hoja nzuri, ataiandika kwenye maoni. Muuguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniambia hakuona kalamu ikiguswa. Lakini yule binti alimfuata Shangazi mpaka getini akampa karatasi ya maswali, imekunjwa mara nne. Haikuruhusiwa. Alimwambia tu, "Samahani, mama," akarudi ndani mbio.

Jumapili mchana nilikuwa nimekwenda kwa wazazi. Tulikuwa mezani, baba, mama na mimi, na chakula cha Shangazi kilikuwa kimeshapelekwa uani kama kawaida. Akaingia sebuleni amebeba kigoda chake, akakiweka kati yangu na baba, akakaa. Alikuwa na ile karatasi na penseli ya kuchorea vitambaa.

"Kaka, nina maswali. Kila swali lina majibu manne, utachagua."

"Maswali gani tena wakati wa kula?" baba akasema.

"Umewahi kumzuia mgonjwa wa kifafa asiende kwenye shughuli ya watu?"

"Nimekuzuia lini mimi?"

"Sijawahi, mara moja, mara chache au mara nyingi?"

Baba alitutazama sisi tumsaidie. Hatukumsaidia. Akasema sijawahi.

"Umewahi kumficha kwa wageni?"

"Wewe mwenyewe ndiye unayeondoka. Mtu akiondoka kwa miguu yake nimemficha mimi?"

"Nisingeondoka ungefanyaje?"

Baba alijiongezea mchuzi. Shangazi alingoja mpaka akamaliza, halafu akaandika. "Mara nyingi."

Hapo mama akaingilia. Mama si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha katika habari hii yote, kwamba sina mtu mbaya wa kumnyooshea kidole. "Wifi, acha basi. Kaka yako amekulinda tangu wazazi wenu wafariki. Wangapi wanatupwa? Hata yule fundi saa alipokuja kukuposa, nani alikaa naye akamweleza ukweli, asije akakuchukua kisha akakurudisha?"

Kijiko cha baba kililia kwenye sahani.

"Fundi saa gani?" Shangazi akauliza.

Mama alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilimkumbuka, mtu mwembamba aliyekuwa na kibanda cha vioo kando ya duka la baba. Nilipokuwa msichana alikuwa akishonesha mashati mengi kuliko mwili alionao. Nilidhani ni mpenda nguo. Polepole, kwa kuulizwa na Shangazi neno moja moja, baba alitoa yote. Yule bwana alizoea vitu vidogo vya kutazama kwa lenzi, akauona ule mshono, akauliza ni mkono wa nani. Aliambiwa ni wa dada. Aliuliza kwa miaka miwili kama anaweza kumwona. Mwishowe akaja rasmi, na baba akamwambia dada yake ni mgonjwa, hafai kuolewa. Yule bwana akasema angependa kulisikia hilo kutoka kwa mwenyewe. Baba akasema haiwezekani. Fundi saa alifunga kibanda, akahamia mji mwingine. Miaka kumi na mitano iliyopita.

Shangazi aliipekua karatasi mpaka akalipata swali. "La kumi na moja," akasema. "Binti wa watu aliniuliza, nikamcheka."

"Nilikulinda," baba akasema.

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, kaka? Mimi watu ninaowajua duniani ni nyinyi."

Baba alinawa mikono kabla ya kumaliza kula, akatoka. Nilifikiri yamekwisha. Shangazi akanigeukia mimi.

"Na wewe. Umewahi kuona haya kuonekana na mgonjwa wa kifafa?"

Ningeweza kusema sijawahi. Mimi ndiye mwenye kumsindikiza, mimi ndiye mwenye kubeba kadi. Lakini nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukipita njia ya nyuma kwenda kliniki, na ni nani aliyeichagua njia hiyo.

"Mara nyingi," nikasema.

Akaandika tatu. "Wewe angalau umejibu."

Kuanzia Jumatatu hakugusa shati hata moja. Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule kufunguliwa, na mashati meupe yalijaa mlangoni kwake kimo cha goti, kisha kimo cha kiuno. Baba alimtuma mama. Mama alimtuma jirani. Mwisho akatafuta fundi mwingine, na mwalimu mkuu mmoja akayarudisha mashati yote, matundu yamechanika kama yametafunwa na panya. Sikumwonea baba huruma. Nilitaka kumwonea, nikajikuta nahesabu siku.

Shangazi yeye alikuwa anatafuta kazi. Alikwenda kwenye kiwanda cha nguo kule barabara kuu. Walimpa kipande cha kitambaa cha majaribio, na msimamizi wa kike akakipitisha kwa wenzake mkono kwa mkono, wakikishangaa. Kisha akapewa fomu. Palikuwa na sehemu ya kutaja maradhi ya kudumu, naye akaandika kifafa, kwa herufi kubwa. Ofisa wa ajira aliisoma, akairudisha bila kumtazama usoni, akasema kuna mashine za umeme, kiwanda hakiwezi kubeba dhamana. Shangazi alipomwambia kazi yake ni ya sindano ya mkono na miaka tisa hajaanguka, ofisa akamwita mlinzi amwonyeshe njia.

Alipitia kwangu. Alisimama mlangoni, jasho linamtoka, mkoba kifuani.

"Nimenyimwa kazi," akasema. "Mara moja." Meno yake yalikuwa yamebana. "Sasa nina ya kwangu. Wale watafiti wakirudi, wataandika."

Nilitaka kulia. Akaniambia nisimlilie nyumbani kwangu kama ana msiba, nimpe maji. Nikampa kwenye glasi yetu. Aliitazama ile glasi, akanitazama mimi, akanywa yote.

Kazi aliipata kwa mwanamke mmoja muuza vitambaa, mwenye duka lenye baraza pana. Msije mkadhani ni malaika. Ana ulimi wa pilipili na anapunja kipimo. Shangazi alipomweleza ugonjwa wake na namna ya kumsaidia akianguka, kwamba alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, asishikiliwe, yule mama alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Uanguke usianguke, mimi nataka matundu." Akampa kona ya baraza. Ndani ya miezi mitatu mafundi wa mtaa mzima walikuwa wanampelekea mashati. Alihama chumba cha uani, akapanga chumba nyuma ya duka hilo, chenye komeo, na komeo akalifunga.

Baba alinituma na mashati arobaini. Shangazi aliyarudisha. "Mwambie aje mwenyewe." Baba alikaa siku nne, kisha akaja, akapanga foleni nyuma ya mwanamke mwenye blauzi moja. Zamu yake ilipofika Shangazi alipokea mzigo, akamwandikia risiti, akamwambia arudi Alhamisi. Alimwita mteja. Sijamsikia akimwita kaka tena tangu hapo, na sijui kama atamwita.

Mwezi wa tano dawa zikaisha kliniki. Si kwake tu, kwa wote. Waliambiwa wasubiri shehena. Watafiti walikuwa wameshaondoka na kishikwambi chao, na ofisini kuna bango jipya la rangi linaloonyesha kwamba unyanyapaa kwa wenye umri zaidi ya miaka arobaini uko chini. Kidonge hakuna. Siku ya kumi na moja Shangazi alianguka, barazani, saa nne asubuhi, mtaa umejaa.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimemletea uzi. Watu walikimbia, mmoja akaruka mtaro, mwingine akanyakua shati lake likiwa na tundu moja. Muuza vitambaa alitoka, akasogeza wembe na mkasi, akamlaza ubavu, akamwekea jora la kitambaa chini ya kichwa, akatazama saa. Na mimi? Mimi nilivua kitenge changu cha mabegani nikamfunika. Nilimfunika mpaka usoni.

Alipozinduka, kitu cha kwanza alichokifanya ni kukivuta kile kitenge. Ulimi ulikuwa bado mzito.

"Nani amenifunika?"

"Ni mimi, Shangazi. Watu walikuwa wanatazama."

"Si watazame." Alijaribu kukaa, akashindwa, akaniambia akiwa amelala vilevile. "Maiti ndiyo hufunikwa. Nimekufa mimi?"

"Hapana."

"Chukua nguo yako uende."

Sikuenda. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza mpaka akanyanyuka, baada ya kama saa moja. Akataka wembe wake. Muuza vitambaa akasema wembe hapati leo. Wakagombana, sauti zao zikafika ng'ambo ya barabara, na watu walewale waliokimbia wakaanza kusogea kusikiliza. Mwisho akapewa sindano na boksi la vifungo, akaanza kushona vifungo kwenye sare, mshono umenyooka kama siku zote.

Wateja watatu hawakurudi tena. Nawajua kwa sura, na nikipishana nao njiani siwasalimii. Najua haisaidii kitu. Shangazi amewaandika kwenye daftari lake la kuhesabia wanaomwonea haya au kumkwepa, kila mmoja na tarehe. Mimi pia nimo, tarehe ya kile kitenge, na nilipomwomba anifute aliniambia nilete uzi mweupe, mwembamba, na niache maneno.